Bunduki ya Risasi Moja: Teke Linaenda kwa Nani?

Haya wasomaji wangu, leo hakuna mafunzo ya Python wala habari za kompyuta mpakato mpya. Leo nataka kugombana.

Kuna hoja moja ambayo nimeisikia hapa Uriri mara nyingi kiasi cha kunichosha. Nimeisikia kwenye kibanda cha chai, kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, na kwa vijana wenzangu waliosoma uhandisi. Hoja yenyewe ni hii: bunduki ya risasi moja ndiyo bunduki rahisi kuliko zote kubuni. Hakuna magazini, hakuna springi za kusukuma risasi nyingine, hakuna vipande vinavyoenda mbele na nyuma. Ni mtutu, kilango cha kufungia nyuma, pini ya kugonga, basi. Na kwa kuwa ni rahisi hivyo, ukitaka ipige risasi kubwa sana, unene wa dole gumba au zaidi, unakuza tu vipimo. Mtutu mnene zaidi, chuma kizito zaidi, kazi imeisha.

Ukiwauliza ya nini, wanakuambia, "Omera, ni ya kudhania tu." Mmoja wao ana mchoro mzuri sana kwenye Blender. Unaweza kuuzungusha kwa kipanya, ukaona ndani, ukaona kilango kikifunguka na kufunga. Nakiri mchoro unapendeza. Lakini ukiutazama vizuri utaona kwamba bunduki ile inaelea hewani. Nyuma ya kitako hakuna mtu. Hakuna bega wala ardhi, hakuna chochote.

Ugomvi wangu uko hapo. Sheria najua mnaijua: kutengeneza silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na sitaki mtu aje kuniuliza unene wa mtutu au aina ya chuma. Simwambii na hata sijali kuvijua. Ninachosema ni kwamba hata kama kazi ya kubuni ya kudhania, jambo mliloliacha nje ndilo tatizo lenyewe. Mmebuni sehemu rahisi mkaiita bunduki.

Hebu tufanye hesabu. (Wenye kuogopa hesabu mtulie, ni ya kidato cha pili.)

Risasi ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Uzito wa risasi mara kasi yake ni sawa na uzito wa bunduki mara kasi ya kurudi nyuma. Newton alilimaliza jambo hili mwaka 1687 na hakuna fundi wa Awendo wala wa Ujerumani aliyelipindua. Wawindaji wa zamani waliliita teke, na mimi nitaliita teke.

Tuanze na bunduki ambayo wazee wetu waliijua, ile ya Waingereza ya .303. Risasi yake ya zamani ina gramu 11 na ushei, inatoka kwa kasi ya mita 744 hivi kwa sekunde, na bunduki ina kilo 4. Bunduki inarudi nyuma kwa kasi ya mita 2.1 kwa sekunde, na nishati inayofika begani ni karibu jouli 9. Nimeacha gesi ya baruti, ambayo huongeza kidogo, kwa sababu nataka hesabu mnayoweza kuifuata bila kalamu. Mtu mzima mwenye mazoezi anavumilia teke hilo siku nzima.

Sasa chukua bunduki kubwa ya kweli. Samuel Baker, yule Mwingereza aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864 akitafuta chimbuko la Mto Nile, alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja iliyotengenezwa na Holland wa London. Risasi yake ilikuwa na uzito wa nusu ratili, yaani gramu 227. Bunduki nzima ilikuwa na ratili 20, yapata kilo 9. Yeye aliiita "Baby", na wasaidizi wake waliozungumza Kiarabu waliiita mtoto wa mzinga, jina ambalo naona lilikuwa la kweli zaidi. Tuseme risasi ile ilitoka kwa kasi ya mita 250 tu kwa sekunde, kwa sababu baruti nyeusi haina mbio. Fanya hesabu: bunduki inarudi kwa mita 6.3 kwa sekunde, na bega linapokea karibu jouli 180.

Jouli 180 ni nini? Chukua jerikeni ya maji ya lita 20, iliyojaa, uiachie ianguke kutoka urefu wa sentimita 90. Hiyo ndiyo jouli 180. Sasa weka bega chini yake.

Baker alikuwa jitu, mwenye nguvu za kusifika. Na bado aliandika kwamba bunduki ile ilimzungusha kama kielekeza upepo kwenye tufani, akawa anaiogopa bunduki yake mwenyewe. Aliipiga mara chache sana. Huyo ndiye aliyeiagiza mwenyewe na kuilipia, si mtu aliyekabidhiwa.

Najua jibu lenu. "Ongeza uzito." Sawa, tuongeze. Niliandika kijiprogramu cha mistari arobaini kinachofanya hesabu hii kurudi nyuma: nakiambia teke ninaloweza kuvumilia, kinanipa uzito wa bunduki. Nikakiambia hivi: nataka risasi ya Baker, kwa kasi ileile, lakini nataka teke la .303. Kikanijibu kilo 185. Hiyo ni pikipiki ya boda boda pamoja na dereva wake juu. Bunduki ya mkononi, wanasema!

Wala msifikiri mimi ndiye wa kwanza kuona jambo hili. Kiwanda cha Mauser kililiona mwaka 1918. Vifaru vya Waingereza vilikuwa vinawasumbua Wajerumani kwenye mahandaki ya Ufaransa, wakataka haraka kitu cha kutoboa chuma. Walichofanya ndicho mnachotaka kufanya ninyi: walichukua bunduki yao ya kawaida, wakaikuza. Risasi ya milimita 13.2, moja moja, hakuna magazini. Urefu wake ulikaribia kimo cha mtu mzima, na bila miguu yake ilikuwa na kilo karibu 16. Hawakuweka springi kwenye kitako, wala kifaa cha kupunguza teke mdomoni mwa mtutu. Teke lake, kwa hesabu yangu, lilikuwa zaidi ya mara tano ya ile .303. Wanajeshi wakatunga mzaha kwamba kila mtu anaweza kuipiga mara mbili tu: mara moja kwa bega la kulia, mara moja kwa bega la kushoto.

Hawa walikuwa Mauser! Walikuwa na vipimo, chuma bora, wahandisi na pesa za dola zima nyuma yao. Lakini walikuza mtutu na risasi, na bega halikuzwi.

Sisi wa programu tuna jina la ugonjwa huu, ingawa tunaona haya kulitaja. Unaandika kitu kinachofanya kazi kwa watu kumi, unafikiri kwa watu elfu kumi utabadilisha namba moja tu. Unaibadilisha, na kila ulichosahau kinakuja kukudai siku hiyohiyo.

Baadaye watu walijifunza. Warusi mwaka 1941 walipotengeneza bunduki yao ya risasi moja ya kupiga vifaru, ile PTRD ya Degtyaryov ya milimita 14.5, walianza na teke. Mtutu mzima unateleza kurudi nyuma juu ya springi, na mwendo huohuo unatumika kufungua kilango na kutupa ganda. Mdomoni kuna kifaa cha kugeuza gesi. Bunduki ina urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 17, na iliwekewa watu wawili. Ukiitazama unaona kwamba sehemu kubwa ya ubunifu wake haina uhusiano na kupiga. Inahusu kumlinda yule aliye nyuma, na hata hivyo waliipiga wakiwa wamelala chini.

Hapa ndipo watu hunirukia: "Umeona? Kumbe springi na kile kifaa cha mdomoni vinatatua!" Havitatui. Springi haipunguzi hata chembe ya ule uzito mara kasi. Inachukua pigo la ghafla na kulifanya msukumo wa muda mrefu kidogo. Deni ni lilelile, umepewa kulipa kwa awamu. Kifaa cha mdomoni kinageuza gesi kwenda pembeni na nyuma, kwa hiyo bega linapata nafuu na masikio ya mwenzako aliyelala pembeni ndiyo yanalipa. Vumbi linatimka, kila mtu anaona uliko. Ukiifunga bunduki kwenye mguu wa chuma, teke linakwenda ardhini, na sasa una mguu wa chuma wa kubeba. Teke haliondoki. Linahamishwa tu, na swali la mbunifu ni moja: limehamishiwa kwa nani?

Na hilo ndilo swali ambalo mchoro wa Blender haujibu.

Kuna gharama nyingine ya risasi moja ambayo wapenzi wa "urahisi" hawaitaji kabisa, nayo ni muda kati ya risasi ya kwanza na ya pili. Hapa hatuhitaji kwenda Urusi. Tunaweza kubaki hapahapa kwetu.

Mnamo Septemba 1914 Wajerumani waliingia kutoka upande wa Mwanza wakavuka mpaka wa kusini, wakauteka mji wa Kisii. Uriri iko kati ya mpaka ule na Kisii, kwa hiyo vita vile vya ulimwengu, ambavyo shuleni tuliambiwa vilianzia Sarajevo, vilifika kwetu ndani ya wiki sita. Tarehe 12 Septemba kikosi cha King's African Rifles kiliwakuta Kisii wakapigana, na baada ya hapo Wajerumani wakarudi walikotoka. Waafrika dhidi ya Waafrika kwa sehemu kubwa, chini ya maofisa wachache wa Kizungu kila upande.

Mwaka ule askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Milimita 11, risasi moja, baruti nyeusi. Ndiyo ile bunduki rahisi mnayoisifu! Kila ukipiga unafungua kilango, unatoa ganda, unaingiza risasi nyingine kwa vidole, unafunga. Na kila ukipiga, wingu la moshi linakuzunguka. Mtu wa upande wa pili mwenye .303 ya baruti isiyo na moshi hahitaji kukuona. Analenga kwenye moshi. Bunduki ile ilikuwa rahisi kwa aliyeitengeneza. Kwa aliyelala nyuma yake kwenye nyasi ilikuwa ni kitu cha kumwonyesha adui mahali alipo, mara moja kwa kila risasi.

Mnataka ushahidi kwamba askari wenyewe hawakuipenda? Tazameni kilichotokea Tanga miezi miwili baadaye. Waingereza waliposhindwa pale Novemba 1914 wakakimbilia melini, waliacha bunduki mia kadhaa, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Von Lettow-Vorbeck alizitumia kuzipa makampuni matatu ya askari wake silaha za kisasa, na za zamani zikawekwa kando. Sijasoma popote kwamba kuna askari aliyelilia urahisi wa risasi moja.

Na mwindaji Frederick Selous, ambaye hifadhi kubwa ya Tanzania ilibeba jina lake kwa miaka mingi? Akiwa kijana alianza kuwinda tembo na bunduki mbili za mtutu mmoja, za bei ya chini, zilizotumia risasi za robo ratili, kama gramu 113. Ziliua tembo, hilo hana ubishi. Lakini aliandika mwenyewe kwamba mateke yake yalimharibu mishipa ya fahamu na kumharibia shabaha kwa miaka mingi baadaye, na kwamba alitamani asingezigusa kamwe. Alikuwa na umri wa miaka 65 alipouawa kwa risasi Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, katika vita vilevile. Mtu aliyetumia bunduki kubwa kuliko karibu kila mtu wa zama zake, ushauri wake ulikuwa usizitumie. Nani anamsikiliza? Hakuna, kwa sababu kwenye picha bunduki zinapendeza.

Sasa tufike kwenye mfano ambao kwangu mimi unafunga mjadala, nao uko hapa Afrika Mashariki. Mnaweza kwenda kuushika kwa mkono.

Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Ndiyo iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Baadaye ikajificha kwenye delta ya Rufiji, Waingereza wakaifuata, na tarehe 11 Julai 1915 ikapigwa hadi wenyewe wakaizamisha. Lakini maji yalikuwa mafupi. Wajerumani wakaitoa mizinga yote kumi, wakaipeleka Dar es Salaam, na kwenye karakana za reli wakaitengenezea magurudumu ili iweze kupigana nchi kavu.

Kila mtu anayesimulia kisa hiki huishia hapo kwa kushangilia. Ubunifu ulioje! Mafundi wa karakana, bila vifaa, wamegeuza mzinga wa meli kuwa mzinga wa nchi kavu! Na kweli, kama fundi, nawavulia kofia. Ila hebu tuangalie teke.

Kombora la mzinga ule lilikuwa na kilo zipatazo 17, likitoka kwa kasi ya karibu mita 690 kwa sekunde. Piga hesabu yetu ileile, uzito mara kasi: ni karibu mara mia tatu ya ile bunduki ya Mauser iliyovunja mabega Ufaransa. Melini hilo halikuwa tatizo la mtu. Meli ilikuwa na zaidi ya tani 3,000, nyuma yake kuna bahari nzima. Meli ndiyo iliyokuwa bega.

Ukiutoa mzinga melini, umeutoa begani. Sasa lazima ulijenge bega jingine, la chuma na magurudumu, zito la kutosha ili mzinga usiruke ukaua walio nyuma yake. Na ukishajenga kitu kizito hivyo, lazima kiende mahali. Barabara hazipo. Reli inaishia ilipoishia. Ng'ombe na punda wanakufa kwa ugonjwa wa mbung'o.

Basi nani anavuta?

Watu. Mamia ya watu kwa mzinga mmoja, kwa kamba, kwenye matope, milimani, wakati mwingine wiki kwa wiki. Na kila kombora la kilo 17 nalo linabebwa kichwani na mtu, na yule mtu anahitaji chakula, na chakula chake kinabebwa na mtu mwingine, ambaye naye anakula. (Mliosoma algorithimu mnaona mchoro huu unavyokua. Haukui kwa mstari ulionyooka.)

Upande wa Waingereza hesabu ilikuwa ileile. Walikuwa na jina lake: Carrier Corps. Wazee wetu wakalitamka Kariakoo, na mpaka leo Nairobi ina Kariokor na Dar es Salaam ina Kariakoo, masoko ambayo watu hununua viatu na vitambaa bila kujua wanatamka nini. Nyanza, eneo ambalo wengi waliliita Kavirondo wakati ule, ilitoa watu wengi sana, na mwaka 1917 wakachukuliwa kwa nguvu, kijiji kwa kijiji. Kwa rekodi za Waingereza wenyewe wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wanahistoria wanaona idadi ya kweli ni kubwa zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, kwa unga ambao haukupikwa vizuri.

Teke la mizinga lilifika hapa. Lilipita kwenye chuma, likapita kwenye magurudumu, likapita kwenye kamba, likaishia kwenye shingo ya mtu wa Uriri ambaye hakuwahi kuuona mzinga ukipigwa.

Nendeni Fort Jesus, Mombasa, mzinga mmoja wa Königsberg uko pale. Mwingine uko Pretoria, kwenye viwanja vya Union Buildings. Watalii hupiga picha. Jina la meli limeandikwa, kipenyo kimeandikwa. Majina ya waliovuta hayapo, na nadhani mnaanza kuelewa kwa nini mchoro usio na mtu nyuma yake unanikera kiasi hiki. Si mara ya kwanza kuona mchoro wa aina hiyo. Huo ndio mchoro uliotumika.

Mtaniambia nimekuza mambo. Kijana amechora bunduki ya kufikirika kwenye kompyuta yake, mimi namletea maiti 40,000. Sawa. Lakini yeye ndiye aliyeniambia kwamba ubunifu ni rahisi, na mimi ninasema urahisi huo umepatikana kwa kufuta kigezo kimoja kwenye hesabu. Kwenye programu ukifuta kigezo kinachokusumbua, msimbo unakwenda vizuri kabisa. Majibu ndiyo yanakuwa ya uongo.

Nimalizie na hoja ya mwisho ambayo husemwa kwa sauti ya chini, na ambayo siwezi kuicheka. Ni ya ndugu zetu wa Nyatike, wa kule Karungu na Muhuru, na wanaolima karibu na mdomo wa Mto Kuja. Wao hawadhanii. Viboko hutoka usiku, wanamaliza mahindi, na wakati mwingine wanaua mtu. "Wewe unaongea Newton," mmoja aliniambia, "mimi naongea shamba. Nipe kitu cha kumsimamisha kiboko."

Kaka, nimekusikia. Lakini hebu fikiria kitu unachokiomba. Kiboko ana kilo 1,500 au zaidi na mbio kuliko wewe. Ni usiku. Yuko hatua kumi. Una risasi moja, kwenye bunduki ambayo ni nzito mno kuielekeza haraka, au nyepesi mno ikakuvunja bega, hakuna ya katikati, tumeshafanya hesabu. Ukikosa, au ukimjeruhi tu, huna risasi ya pili na huna bega. Baker mwenyewe hakutoka na Baby peke yake. Alikuwa na watu nyuma yake wameshika bunduki nyingine zimejaa tayari. Hayo hayamo kwenye mchoro pia. Na uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, kwa hiyo ukimpata, wa kukamatwa ni wewe.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na fidia kwa mazao pia. Kwenye karatasi. Kila mtu wa kando ya ziwa anajua kinachotokea baada ya karatasi: miaka ya kungoja, faili haionekani, unaambiwa urudi na nakala ambayo hukuambiwa utoe. Hapo ndipo ningependa mikono ya huyu kijana wa Blender. Ripoti ya tukio iliyoandikwa usiku huohuo kwa simu, picha za nyayo na za shamba, tarehe, mahali kwa ramani, namba ya kuandikisha polisi, na nakala inayobaki kwa mwenye shamba, ili mtu akiambiwa faili limepotea aweze kulitoa mfukoni. Haihitaji intaneti muda wote, na inaweza kwenda kwa simu ya bei ya chini kabisa.

Nimeanza sehemu ya fomu. Sehemu ya ramani sijaigusa, na natafuta mtu anayeijua kazi hiyo kuliko mimi. Jumamosi nitakuwa Migori mjini kuanzia saa nne asubuhi. Anayekuja aje na kompyuta yake na chaja, umeme wa pale si wa kutegemea.